Sheikh Ramiya wa Bagamoyo: Shukrani ya Mtu Huru

Hapa petu Nyakato, upande wa mashariki wa mji wa Mwanza, kandokando ya barabara iendayo Musoma, hapana maneno yanayosikika mara nyingi kuliko yale ya kumshukuru Mungu. Mfanyakazi atokaye zamu ya usiku huulizwa hali, naye hushukuru. Mama anayeuza dagaa huulizwa biashara, naye hushukuru, hata siku ambayo mvua imemlowesha dagaa wake wote. Maneno hayo ni mema, nasi hatuna nia ya kuyabeza. Lakini neno jema laweza kutumiwa kwa nia isiyo njema. Yuko pia tajiri ambaye humpunja kibarua ujira wake, kisha humwambia ashukuru kwa kuwa wako wengi wasio na kazi kabisa. Hapo shukrani hugeuzwa kufuli la kufungia kinywa cha mnyonge.

Kwa hiyo yatupasa kupambanua. Je, mtu anayemshukuru Mungu na kumtii anatakiwa kukubali kila anachotendewa na wanadamu? Au shukrani ya kweli ni jambo jingine, ambalo humwinua mtu badala ya kumwinamisha? Swali hili halijibiwi vizuri kwa maneno matupu. Twaona ni afadhali tulijibu kwa kueleza maisha ya mtu mmoja aliyeonja hali zote mbili, ya chini kabisa na ya juu, na ambaye jina lake halijasahauliwa katika pwani yetu. Mtu huyo ni Sheikh Ramiya wa Bagamoyo.

MTOTO WA NJIA YA MISAFARA

Jina lake lilikuwa Yahya bin Abdallah, lakini wakubwa kwa wadogo walimjua kwa jina la Ramiya. Alizaliwa katika karne ya 19 katika nchi za mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Angali mtoto alitiwa utumwani, akatengwa na jamaa zake, akapelekwa mbali mpaka Bagamoyo. Huko akawa mali ya Amir bin Sulaiman wa ukoo wa Al-Lamki, Waarabu wenye asili ya Oman, ukoo uliokuwa na jina kubwa katika miji ya pwani.

Wasomaji wetu wa kando ya Ziwa hawahitaji kufundishwa sana habari za njia hiyo. Kutoka Bagamoyo ilipanda mpaka Tabora, na hapo ikagawanyika. Tawi moja lilikwenda Ujiji na kuvuka kuingia Manyema, na jingine lilikuja kaskazini kuelekea Usukuma, Karagwe na Buganda. Babu zetu wa Kisukuma na Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani katika njia hiyo hiyo. Lakini wao walikuwa wapagazi wa ujira, na waliosalimika walirudi makwao na nguo na jembe. Mtoto aliyenunuliwa hakuwa na safari ya kurudi.

Tena yafaa tukumbuke utumwa wa pwani ulikuwaje, maana wako watu wapendao kusema kwamba ulikuwa mwepesi. Ni kweli kwamba watumwa wengine waliishi nyumbani mwa mabwana zao, na wengine waliruhusiwa kutafuta riziki na kumpelekea bwana fungu lake. Lakini mtumwa alikuwa mali, aweza kuuzwa na kurithiwa. Desturi ya waungwana ilimkataza mtumwa kuvaa viatu au kofia mbele ya mabwana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufungwa kwa soko hakukuwa kufungwa kwa utumwa. Wajerumani walipoitwaa nchi hawakuufuta. Waliweka tu kanuni za kuwakomboa watu kidogo kidogo, na wakaamuru kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Katika Tanganyika sheria ya kuufuta utumwa wote ilitoka mwaka 1922, chini ya utawala wa Waingereza.

Hapa tungependa kulitazama lile jina la Abdallah. Katika miji ya Waislamu lilikuwa jambo la kawaida kwamba mtu aliyeingia katika dini bila baba Mwislamu wa kutajwa huitwa bin Abdallah. Maana ya Abdallah ni mtumwa wa Mungu. Basi kila alipoitwa kwa jina lake kamili, Yahya alikumbushwa kwamba juu ya bwana aliyemnunua yuko Bwana mwingine, ambaye hakumnunua kwa yeyote bali alimwumba. Mbele ya Bwana huyo, tajiri mwenye shamba na kijana achotaye maji wote ni watumwa sawa. Mtu akiishika imani hiyo kwa moyo wake wote, hakuna tena mwanadamu awezaye kummiliki ndani ya nafsi yake, hata kama mwili wake bado unamilikiwa.

JASHO KABLA YA JINA

Ramiya hakupewa cheo na mtu, wala hakuokota hazina. Husimuliwa kwamba alianza na biashara ndogo ya samaki, kisha faida aliyoipata akaitia katika ardhi, akawa na mashamba ya minazi. Watu wa Mwanza wanajua samaki ni biashara ya namna gani. Waliopata kusimama mwaloni Kirumba alfajiri wanajua kwamba samaki hamngojei mvivu. Ni biashara ya kuamka kabla ya jua, ya kuhesabu senti, na ya kukubali hasara ya leo ili kurudi tena kesho.

Na mnazi nao ni mti wa mwenye subira. Apandaye mnazi hungoja miaka sita au saba kabla ya kuonja dafu lake la kwanza, na wajukuu zake huendelea kuuchuma. Twasema haya kwa kuwa Bagamoyo ya siku hizo ilikuwa mji unaoshuka. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao ya serikali yao Dar es Salaam. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, na kufikia mwaka 1914 ilikuwa imefika Kigoma. Misafara ikafa. Matajiri waliozoea kuishi kwa pembe za ndovu na kwa jasho la wapagazi wakabaki wakiisimulia neema iliyopita. Ramiya, aliyekuwa hana neema ya jana ya kuililia, alitazama ardhi iliyokuwa chini ya miguu yake akailima.

Huu ndio mwanzo wa shukrani yake kama tunavyouona sisi. Kurani yaeleza kwamba watu wa nyumba ya Nabii Daudi waliamriwa kufanya kazi iwe ndiyo shukrani yao. Hawakuambiwa waseme tu, waliambiwa watende. Mwanachuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye alifundisha kwamba shukrani hukamilika kwa mambo matatu: mtu aijue neema na aliyeitoa, moyo wake uifurahie kwa unyenyekevu, kisha viungo vyake viitumie katika yale ampendezayo Mwenyezi Mungu. Mwenye mikono asiyefanya kazi, hata akishukuru kwa ulimi mchana kutwa, amebakisha fungu kubwa la deni lake.

CHUO NA ZAWIYA

Pamoja na kazi hiyo Ramiya alitafuta elimu. Kwa mtu wa hali yake halikuwa jambo jepesi. Elimu ya dini katika miji ya pwani ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa nyumba chache za Waarabu, masharifu na waungwana, ambazo baba alimrithisha mwanawe vitabu pamoja na heshima. Mtu aliyetoka bara, tena aliyepitia utumwani, alitazamiwa kusikiliza, si kusomesha. Ramiya alisoma akiwa mtu mzima na mwenye shughuli, akasoma mpaka akawa mwalimu, na wanafunzi wakaanza kumfuata.

Mwanzoni mwa karne ya 20 aliingia katika tarika ya Kadiria, akawa khalifa wake katika Bagamoyo. Tarika hii yachukua jina la Abdulkadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Katika Unguja na mrima wetu ilienezwa kwa nguvu na masheikh waliotoka Barawa, aliye mashuhuri miongoni mwao akiwa Sheikh Uwesu, aliyeuawa nchini Somalia mwaka 1909. Kutoka pwani iliifuata njia ile ile ya misafara mpaka Tabora na Ujiji. Njia iliyowashusha watu pwani wakiwa watumwa ilipandisha bara dini na elimu, na waliozipandisha wengi wao walikuwa Waafrika wenyewe.

Kwa nini tarika iliwavuta watu wanyonge? Sababu si ya siri. Katika halaka ya dhikri watu husimama bega kwa bega wakimtaja Mungu kwa pumzi moja, wala haulizwi mtu ukoo wake. Mkulima, mchukuzi, mvuvi, na yule aliyekuwa jana mtumwa, walipata mahali ambapo waliitwa ndugu. Katika Bagamoyo mahali hapo palikuwa zawiya ya Sheikh Ramiya, nayo ikawa mojawapo ya vituo vikubwa vya Kadiria katika Tanganyika nzima. Maulidi na ziara za Bagamoyo zikawakusanya watu kutoka pande nyingi. Mtoto aliyeletwa katika mji ule bila ndugu hata mmoja akawa baba wa maelfu.

LIWALI ALIYEKUWA MTUMWA

Mwezi wa Agosti mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza yaliutwaa mji wa Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani. Watawala wapya walihitaji liwali, yaani mtu wa kuamua mambo ya wenyeji na kusimama kati yao na serikali. Uliwali katika miji ya pwani ulikuwa tangu zamani kazi ya Waarabu wakubwa, na ukoo wa Al-Lamki ulikuwa miongoni mwa walioushika. Safari hii aliyewekwa alikuwa Sheikh Ramiya.

Msomaji na apime uzito wa jambo hilo. Mwaka 1916 utumwa ulikuwa haujafutwa kisheria katika nchi hii. Ilibaki miaka sita. Walikuwako bado Bagamoyo watu waliohesabiwa kuwa watumwa, na watu waliojihesabu kuwa mabwana. Wote hao, waungwana kwa watwana, waliona kiti cha hukumu kimekaliwa na mtu aliyenunuliwa utotoni.

Hatutaki kumfanya Sheikh Ramiya kuwa mtu ambaye hakuwa. Hakuwa mpiganaji kama Bushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani kwa silaha akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka 1889. Uliwali alipewa na wakoloni, nao hawakuutoa kwa mapenzi ya haki, bali kwa kuwa walimhitaji mtu ambaye watu watamsikiliza. Tena alikuwa mwenye mashamba katika mji wenye wengi wasio na shamba. Msomaji mwenye kuchukia unyonyaji ana haki ya kuyataja hayo, nasi hatuyafichi. Lakini lazima tuseme pia kwamba heshima yake haikuanza na cheo, wala haikwisha na cheo. Wakoloni walimkuta tayari ana watu, na watu hao walimfuata kwa elimu yake na uchaji wake. Kazi ya uliwali ilikuwa ya kupita. Chuo na zawiya ndivyo vilivyodumu.

Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931. Mahali pake pakashikwa na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, aliyeendeleza zawiya, na ambaye katika miaka ya kudai uhuru alikuwa miongoni mwa masheikh waliokiunga mkono chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kwa hiyo katika nyumba moja, kati ya baba na mwana, tuliona safari nzima ya nchi yetu: kutoka utumwa wa mtu mmoja mpaka uhuru wa taifa.

KUTII NA KUSHUKURU NI NINI BASI

Sasa twaweza kulirudia swali letu. Kama shukrani ingekuwa ni kuridhika na kila hali uliyowekwa na wanadamu, basi Ramiya angemshukuru Mungu kwa kubaki kule alikowekwa. Angesema kwamba Mungu ndiye aliyependa niwe mtumwa, nisisome, nisilime changu, nisiongoze watu. Asingekosa wa kumpongeza kwa maneno hayo, na wa kwanza wangekuwa wale waliofaidika na utumwa. Yeye hakufanya hivyo. Neema alizozihesabu hazikuwa minyororo aliyofungwa na watu. Zilikuwa akili, afya, ardhi, muda na dini. Hizo ndizo alizopewa na Mungu, na hizo ndizo alizozitumia.

Mafundisho ya Kiislamu yako wazi katika jambo hili. Mtume alifundisha kwamba kiumbe hatiiwi katika jambo la kumwasi Muumba. Alifundisha vilevile kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Basi mwenye kutendewa wema na ashukuru, awe ni mwajiri au mwajiriwa aliyemtendea. Lakini shukrani ni malipo ya wema, wala dhuluma haikuwekewa malipo hayo. Na kuhusu kibarua, Mtume aliagiza apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tajiri aliyeketi juu ya mshahara wa watu miezi miwili, kisha akawahubiria shukrani, amevunja amri na kujifanya mlinzi wake.

Ndiyo maana twasema kwamba mfanyakazi wa Nyakato anayedai haki yake kwa utaratibu hakosi shukrani. Anaomba lililo lake. Wala hatusemi haya ili kumpa mtu kisingizio, maana ubavu wa pili wa upanga ni mkali vilevile. Mfanyakazi anayechelewa zamu, anayeacha mashine ikaharibika kwa uzembe, anayepenyeza mali ya kiwanda getini chini ya nguo, huyo naye ana neema asiyoishukuru, hata kama paji la uso wake lina alama ya kusujudu. Sala haikuwekwa iwe badala ya uaminifu; imewekwa imfundishe mtu uaminifu mara tano kwa siku.

Na mvuvi wetu ajiulize pia. Ziwa hili ni neema ambayo hakuna binadamu aliyeichimba. Anayelikokota kwa kokoro na kuvuna vifaranga vya sato na sangara kabla havijazaa, au anayetia sumu majini, hawezi kusema amemshukuru Mungu kwa samaki, kwa sababu ameiua neema katika tumbo la mama yake. Kurani inatoa ahadi kwamba neema huzidishwa kwa wanaoshukuru, na inatoa onyo kwa wanaokufuru. Wavuvi wazee hawahitaji kufasiriwa onyo hilo. Wameliona katika nyavu zao.

Mwenye mali naye ana fungu lake. Zaka ya fedha ni fungu moja katika arobaini, nalo si hisani ya tajiri kwa maskini bali ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali ya tajiri. Sheikh Ramiya aliipata mali, na jina lililobaki nyuma yake si la mwenye minazi. Ni jina la mwalimu. Watu wengi wa Bagamoyo ya zama zake walikuwa na minazi mingi, na majina yao yamekwenda pamoja na makuti yake. Mali iliyomfunza mtu kusoma ilimbakizia mwenyewe jina.

Basi, ndugu wafanyakazi, tuendelee kumshukuru Mungu asubuhi na jioni, kama wazee wetu walivyotuzoeza. Ila tujue tunasema nini. Kumshukuru Mungu ni kukiri kwamba tulichonacho kimetoka kwake, na kwamba tutaulizwa tulikitumiaje. Kumtii ni kukubali kwamba Bwana wetu ni mmoja. Mtu aliyekubali hivyo hufanya kazi yake kwa uaminifu bila kusimamiwa, huwatendea haki walio chini yake, na husema kweli mbele ya walio juu yake bila kutetemeka. Mtoto aliyetolewa Kongo akiwa bidhaa, asiye na baba wa kumtetea wala senti ya kujikomboa, aliyaweza hayo katika zama zilizokuwa ngumu kuliko zetu. Sisi tulio huru, wenye shule, wenye vyama vya kututetea na sheria za kazi, tumebakiwa na udhuru gani?